Wanaanga Wakikwama Mwezini, Nani Atawafuata? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia Mei, mvua zinapokatika na anga la Mbeya kutakata, kikundi chetu kidogo huweka darubini kwenye uwanja wa shule na kuwakaribisha majirani waje kuutazama mwezi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika kwenye daftari maswali ambayo watu huuliza mara tu wanapoondoa jicho kwenye lenzi. Linalojirudia kuliko yote si la umbali wala la umri wa mwezi, bali ni la uokoaji: mtu akikwama kule, nani atamfuata, na atafika lini? Majibu yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya wale waliouliza usiku, tukakosa muda wa kuwaeleza kikamilifu, na kwa wenzetu wa Iringa, Njombe na Songwe ambao safari ya kufika hapa huwawia ndefu.

Wanaanga wakikwama mwezini, je, kuna chombo kinachosubiri duniani kiende kuwachukua?

Hapana. Hakuna taifa linaloweka roketi na chombo cha kutua mwezini vikiwa tayari kuondoka siku yoyote vitakapohitajika, na halikuwepo hata wakati wa safari za Apollo, zile ambazo Marekani iliwapeleka watu mwezini. Watu wengi hudhani kwamba tatizo ni umbali. Umbali ni mkubwa kweli, kwani kwa wastani mwezi uko kilomita 384,400 kutoka hapa, lakini wanaanga wa Apollo waliusafiri kwa takriban siku tatu. Kinachokula muda ni maandalizi. Katika kipindi ambacho Marekani ilirusha vyombo vya Apollo kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, yaani kuanzia Apollo 8 ya Desemba 1968 hadi Apollo 11 ya Julai 1969, pengo kati ya safari moja na nyingine lilikuwa la miezi miwili au mitatu, ingawa maelfu ya mafundi walikuwa kazini. Upande wa pili wa mizani, Apollo 17 ya Desemba 1972, iliyokaa juu ya mwezi kuliko nyingine zote, ilikaa saa 75 hivi. Anayesubiri ana siku chache, na anayekuja anahitaji miezi.

Basi mpango wa uokoaji ni wa nini, ikiwa hakuna wa kutumwa?

Swali hili nililijibu vibaya kwa muda mrefu, mpaka siku moja mzee mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya aliponisahihisha. Alinieleza kwamba duara, yaani shimo la wachimbaji, likishuka kifusi, waliopo juu huanza kuchimba saa ileile bila kuambiwa, lakini mara nyingi uhai wa aliyemo ndani umekwisha kuamuliwa wiki iliyotangulia, na yule aliyepanga matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, na yule aliyeacha tundu la pili la hewa. Tangu hapo ndivyo ninavyoueleza mpango wa uokoaji wa mwezini. (Na tusisahau kwamba kule Mererani wachimbaji huitwa wanaapolo, jina ambalo kila nikilisikia naona linafaa kuliko watu wanavyodhani.)

Hesabu yenyewe ni ya muda wa aina mbili: muda ambao aliyekwama anaweza kusubiri akiwa hai, na muda ambao msaada unahitaji ili umfikie. Kila kilichomo katika mpango wa uokoaji ni jitihada ya kuurefusha ule wa kwanza au kuufupisha huu wa pili, na karibu jitihada zote hizo lazima zifanyike kabla roketi haijawashwa. Wapangaji huanza na aliyekwama mwenyewe, wakiuliza anaweza kujitoa vipi kwa vitu alivyonavyo mkononi. Kisha humtazama mwenzake aliye jirani, kisha chombo kinachouzunguka mwezi juu yao. Dunia huja mwisho kabisa.

Kuna mfano ambapo hesabu hiyo ilifanyika kwa tarehe halisi?

Upo, na ni wa kuhuzunisha. Haukutokea mwezini, bali karibu na dunia. Chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilirushwa tarehe 16 Januari 2003. Wakati wa kupaa, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la nje na kuligonga bawa la kushoto. Tarehe 1 Februari, chombo kilipokuwa kikiingia katika angahewa ili kitue, gesi ya moto ilipenya kwenye jeraha hilo, kikasambaratika, na wanaanga wote saba wakafariki.

Bodi iliyochunguza ajali hiyo iliwataka wahandisi watafute jibu la swali gumu: kama uharibifu ungejulikana mapema, je, watu wale wangeweza kuokolewa? Kikomo chao cha kusubiri hakikuwa chakula, wala maji, wala hata oksijeni. Kilikuwa ni makopo ya hidroksidi ya lithiamu yanayonyonya hewa ya ukaa ambayo mtu huitoa anapopumua. Kwa kuyabana sana, yangeweza kuwafikisha tarehe 15 Februari. Chombo kingine, Atlantis, kilikuwa tayari katika maandalizi ya safari ya Machi, na kwa kufanya kazi usiku na mchana kingeweza kurushwa mapema kabisa tarehe 10 Februari. Mstari mmoja ulifika tarehe 15 na mwingine ulianzia tarehe 10. Siku tano zilibaki kati yake, na ndani ya siku hizo uokoaji ungewezekana, japo kwa hatari kubwa na bila hitilafu hata moja ya kuchelewesha.

Huwa nawachorea wanafunzi mistari hiyo miwili ubaoni. Kwa mwezi, hadi sasa mistari hiyo haijawahi hata kukaribiana.

Wanaanga wa Apollo walitegemea nini, basi?

Walitegemea injini moja. Chombo chao cha kutua kilikuwa na sehemu mbili: ya chini iliyobeba miguu na injini ya kushukia, na ya juu iliyobeba watu na injini ya kupaa. Wakati wa kuondoka, sehemu ya chini ilibaki mwezini kama jukwaa, na ile ya juu ilipaa peke yake kwa dakika zipatazo saba mpaka ikafikia mwendo wa karibu kilomita 1.7 kwa sekunde, ambao huwezesha chombo kuuzunguka mwezi bila kuanguka. Injini hiyo haikuwa na pacha. Kama isingewaka, basi.

Kwa kuwa haikuwezekana kuweka injini ya pili, wahandisi waliamua kuondoa kila kitu kinachoweza kuharibika. Hawakuweka pampu, mafuta yalisukumwa na mgandamizo wa gesi ya heliamu. Hawakuweka kiwashio, walichagua vimiminika viwili ambavyo vikigusana tu huwaka vyenyewe. Injini haikugeuzwa upande wowote wala haikuwa na mwendo mkubwa na mdogo: ilikuwa ama imewaka ama imezimwa. Kwa maoni yangu huu ndio uokoaji bora kuliko wote uliowahi kupangwa kwa ajili ya mwezi, kwa sababu uliiondoa haja ya kuokolewa.

Hata hivyo, swichi ndogo nusura iwaharibie. Baada ya Neil Armstrong na Buzz Aldrin wa Apollo 11 kurudi ndani ya chombo chao Julai 1969, Aldrin aliona kipande cha plastiki sakafuni. Kilikuwa kitufe cha swichi iliyopitisha umeme wa kuiandaa injini ya kupaa, na yaelekea kilivunjwa na mkoba wa mgongoni wakati mmojawapo akijigeuza katika chumba kile chembamba. Walitoa taarifa Houston, kwenye kituo cha kuongoza safari, wakalala kadiri walivyoweza, na asubuhi Aldrin akaisukuma swichi ndani kwa kalamu ya wino wa feltipeni aliyokuwa nayo, kwa sababu haikuwa ya chuma na isingepitisha umeme. Swichi ikashika. Ninapowaonyesha wanafunzi kalamu ya aina hiyo, iliyo mezani kwa kila mwalimu, darasa hunyamaza.

Mwenzao aliyebaki juu angeweza kuwafanyia nini?

Angeweza kufanya mengi, ila si kutua. Michael Collins, mtu wa tatu wa Apollo 11, alikuwa akiuzunguka mwezi kila baada ya saa mbili hivi katika chombo kisicho na miguu. Kama wenzake wangepaa lakini wasifike juu ya kutosha, angeshuka kuwafuata hadi kilomita 15 hivi kutoka ardhini, na kwa ajili hiyo alikuwa amejifungia shingoni daftari lenye njia 18 tofauti za kuwakuta, kila moja kwa hitilafu yake. Kama wasingepaa kabisa, wajibu wake ungekuwa kurudi duniani peke yake, na alilijua hilo kabla ya kuondoka.

Ni kweli kwamba rais wa Marekani alikuwa ameandaliwa hotuba ya msiba?

Ni kweli. Hotuba hiyo iliandikwa na William Safire, mwandishi wa hotuba, kwa ajili ya Rais Richard Nixon, na ina tarehe ya 18 Julai 1969, siku mbili kabla ya kutua. Haikusomwa.

Je, zilikuwepo njia nyingine zilizofikiriwa wakati huo?

Zilikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wa Marekani walichunguza chombo chepesi kisicho na kuta wala paa, ambacho wanaanga wawili wangekikunjua mwezini, wakakijaza mafuta yaliyosalia katika chombo chao kibovu, wakaketi juu yake na mavazi yao ya anga tu, na kupaa wakiongoza kwa kukadiria kwa macho upeo wa mwezi. Wangekuwa na saa chache za hewa mgongoni ili wakutane na mwenzao. Hakikujengwa.

Wasovieti walikuwa na fikra ambayo mimi huiona ya busara zaidi. Chombo chao cha kutua kilikuwa cha mtu mmoja, na kwa hiyo hatari ilikuwa kubwa zaidi. Walipanga kutanguliza mwezini chombo cha akiba kisicho na mtu, pamoja na gari la kuongozwa kwa redio la aina ya Lunokhod, ili likague kama chombo hicho kimetua wima na kiko salama. Mwanaanga akifika na chombo chake kikiwa na hitilafu, angekwenda kwenye kile cha akiba, hata kwa kubebwa na gari hilo. Roketi yao kubwa ya N1 ilishindwa katika majaribio yote manne kati ya 1969 na 1972, na mpango mzima ukazikwa nayo. Lunokhod 1 yenyewe ilifika mwezini Novemba 1970 na kufanya kazi nzuri, lakini hapakuwa na mtu wa kubeba.

Kwa nini Apollo 13 huhesabiwa kuwa uokoaji ilhali hakuna aliyetumwa?

Kwa sababu chombo cha kuokolea walikuwa nacho tayari, bila kukusudia. Tangi la oksijeni lilipolipuka tarehe 13 Aprili 1970, wanaanga watatu walihamia katika chombo cha kutua kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili, wakakitumia kama mashua ya kunusurikia. Kufika tarehe 15, hewa ya ukaa ilikuwa imeanza kuzidi. Makopo ya kuinyonya yaliyokuwa yamebaki kwa wingi yalikuwa ya chombo kikuu, ya umbo la mraba, na matundu ya mashua yao yalikuwa ya mviringo. Wataalamu wa duniani walibuni namna ya kuyaunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mirija ya mavazi ya anga na gundi ya utepe, wakawasomea hatua kwa hatua kwa redio. Walitua baharini salama tarehe 17. Lakini kama mlipuko huo ungetokea wakati wawili kati yao wakiwa juu ya mwezi, au wakiwa njiani kurudi baada ya kukiacha chombo cha kutua, mashua hiyo isingekuwepo.

Mwanaanga akizirai mbali na chombo, mwenzake hawezi kumbeba tu? Si mwezini vitu ni vyepesi?

Swali hili ndilo linalonigusa zaidi, na nitalijibu kwa kirefu.

Miaka kadhaa iliyopita tulipanda Loleza na wanafunzi, na tulipokuwa tukishuka mmoja wao akavunjika kifundo cha mguu. Alikuwa kijana mwembamba, hakufika kilo 50. Tulitengeneza machela kwa fito mbili na majaketi yaliyofungwa zipu, tukabeba wanne wanne kwa kupokezana. Ilituchukua zaidi ya saa nne kufika barabarani, na aliyetuchosha hakuwa mgonjwa bali ulikuwa ni mteremko: kila mbebaji wa mbele aliweka mguu mahali asipopaona. Tulikuwa watu wazima kumi, tukiwa na mikono mitupu, hewa tele na maji.

Sasa tufikirie mwezini. Kwa mujibu wa vipimo ambavyo shirika la anga la Marekani, NASA, liliwapa wabunifu katika shindano lake la vifaa vya uokoaji, mwanaanga wa safari zijazo pamoja na vazi lake hukadiriwa kuwa na kilo 343. Uvutano wa mwezi ni sehemu moja kwa sita ya wetu, hivyo mkononi angeonekana kama mzigo wa kilo 57, uliozidi kidogo nusu ya gunia la mahindi. Ni kweli hapo kuna nafuu. Lakini uzani unapungua, tungamo halipungui: mwili huo ukianza kuteleza mtelemkoni, kuusimamisha kunahitaji nguvu ileile ya kusimamisha kilo 343 hapa Mbeya. Mwokoaji naye amevaa vazi gumu lililojaa hewa, hawezi kuinama vizuri, hawezi kumtia mwenzake begani, na vidole vyake vimo ndani ya glavu zinazopigana naye kila anapokunja mkono. Kifaa kilichotakiwa katika shindano hilo ni cha kumwezesha mtu mmoja kumsafirisha mwenzake kwa umbali wa kilomita 2, kwenye mteremko wa hadi nyuzi 20, bila kutegemea gari.

Wenzao wa Ulaya wamekwisha kujaribu kifaa kimoja chenye umbo la piramidi. Mwokoaji hukisimamisha juu ya aliyeanguka, humwinua kwa kapi mpaka kwenye machela, kisha humkokota kwa magurudumu. Kilijaribiwa mwaka 2019 chini ya bahari, ambako maji hupunguza uzito wa mtu kwa namna inayofanana na mwezini.

Katika Apollo, jibu lilikuwa la aina mbili. Kuanzia Apollo 14 walibeba mpira wa kuunganisha mkoba wa mmoja na wa mwenzake, ili aliyeharibikiwa apate maji ya kupoza vazi, huku akitumia chupa ya oksijeni ya dharura ambayo kwa matumizi ya kawaida ya dharura ilidumu nusu saa hivi. La pili lilikuwa kanuni ya kurudi kwa miguu: hata walipokuwa na gari, hawakuruhusiwa kwenda mbali kuliko wanavyoweza kutembea kurudi kwa hewa iliyobaki mgongoni. Ndiyo maana safari ya mbali kabisa, ya Apollo 17, haikuvuka kilomita 8 kutoka kwenye chombo. Na walianza kila siku kwa kwenda mahali pa mbali zaidi kwanza, ili kadiri hewa ilivyopungua nao wawe wanakaribia nyumbani.

Safari zijazo zinalenga ncha ya kusini. Je, uokoaji utakuwa rahisi zaidi huko?

Kwa sehemu kubwa utakuwa mgumu zaidi. Jua huko halipandi, bali hutambaa karibu na upeo, na vivuli huwa virefu mno. Chini ya baadhi ya mabonde jua halijawahi kufika, na baridi yake hushuka chini ya nyuzi 200 hasi. Watu wa Makete na Kitulo wanajua nyasi zilizoganda asubuhi ya Julai zinavyolia chini ya kiatu. Baridi hiyo haina hata cha kulinganisha na ya mabonde hayo. Aidha, kwa takriban wiki mbili katika kila mwezi dunia huzama chini ya upeo wa ncha hiyo, na mawasiliano ya moja kwa moja hukatika, isipokuwa kuwe na setilaiti ya kupokezana.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Collins alipita juu ya wenzake kila baada ya saa mbili. Obiti iliyopangwa na Marekani kwa safari mpya ni ndefu kama yai lililovutwa, na chombo hutumia takriban siku sita na nusu kuikamilisha. Ina faida zake, hasa ya kutumia mafuta kidogo, lakini aliye chini akipata dharura siku ambayo chombo kiko mbali, hatakikuta ndani ya saa mbili. Na chombo chenyewe cha kurudia, Orion, kimetengenezwa kuwahifadhi watu wanne kwa siku 21. Kwa hiyo hata wa juu ana saa yake inayohesabu.

Mtu anaweza kuishi kwa muda gani akisubiri?

Inategemea alichobeba. Mtu mmoja huhitaji takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, kiasi ambacho si kikubwa, na ndiyo maana kikomo cha kwanza mara nyingi huwa ni kitu kingine: hewa ya ukaa, kama tulivyoona kwa Columbia, au umeme. Umeme ukiisha, chombo hakipozwi, hakipashwi joto, wala feni hazizungushi hewa. Mimi ningependa kila safari itangaze wazi idadi ya siku za ziada ilizobeba, kama vile basi linavyoandikwa idadi ya abiria.

Chombo kikitua na kulala ubavu?

Hofu hii ina msingi. Januari 2024 chombo cha Japani kiitwacho SLIM kilitua kikasimamia pua. Februari mwaka huohuo Odysseus cha Marekani kililala upande. Machi 2025 Athena kikaangukia ubavu karibu na ncha ya kusini. Vyote havikuwa na watu. Chombo chenye watu kikilala hivyo, injini ya kupaa haitakuwa na uelekeo wa kufaa, hata kama ni nzima kabisa, na kwa vyombo virefu ambavyo watu watashuka kwa lifti, kuna swali la ziada la namna ya kutoka na kuingia. Kwa dharura hii, kwa kweli, chombo cha pili kilichosimama jirani ndilo jibu pekee.

Kwa nini, basi, chombo cha akiba hakitangulizwi?

Gharama. Baadhi ya vyombo vipya vya kutua vitalazimika kujazwa mafuta angani kwa kutumia roketi nyingine nyingi kabla ya kuelekea mwezini, na chombo cha akiba kingehitaji kazi hiyo irudiwe yote.

Pamoja na hayo, naamini kwamba hoja hii inashindwa na historia ya watu walewale. Mwaka 1973, injini ndogo za kuongozea chombo kilichokuwa kimefungwa kwenye kituo cha anga cha Skylab zilipoanza kuvuja, Marekani iliandaa chombo kingine chenye viti vitano, ili marubani wawili waende na kurudi na watatu waliokuwa juu, lakini hakikuhitajika. Mei 2009, Atlantis ilipokwenda kuikarabati darubini ya Hubble, Endeavour ilisimamishwa kwenye jukwaa la pili, tayari kuifuata. Chombo cha Urusi Soyuz MS-22 kilipovuja kipoza-joto Desemba 2022, MS-23 kilitumwa Februari 2023 bila mtu ndani, na mwanaanga wa Marekani Frank Rubio na wenzake wawili wakarudi nacho Septemba, yeye akiwa amekaa angani siku 371. Novemba 2025, Uchina nayo ilirusha Shenzhou-22 bila watu, kwa kuwa dirisha la Shenzhou-20, chombo cha kuwarudisha wanaanga wake, lilikuwa na ufa. Kote huko, chombo cha pili kilikuwepo kwa sababu kilikwisha kuagizwa kabla hakijahitajika. Mwezini, ambako msaada uko mbali zaidi, ndiko akiba ilikopunguzwa zaidi, na hilo siwezi kulikubali kwa urahisi.

Vimondo je? Tunacho kimoja Mbozi.

Kimondo cha Ndolezi ni cha tani nyingi, na mawe ya ukubwa huo ni adimu sana. Kinachowapa wapangaji wasiwasi ni vijiwe vidogo kuliko punje ya mchele, kwa sababu mwezi hauna angahewa ya kuviunguza. Mashimo madogo yanayotobolewa na vijiwe hivyo huzibika, ilimradi vazi au chombo kiwe na hewa ya ziada ya kumpa mtu dakika za kufika mahali salama.

Je, kuna sheria inayolazimisha taifa moja kuwaokoa wanaanga wa taifa jingine?

Ipo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, katika ibara ya tano, huwaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote na huwataka wanaanga wa taifa moja kuwapa wa taifa jingine kila msaada unaowezekana. Mkataba wa pili, wa kuwaokoa na kuwarejesha wanaanga, ulifunguliwa kwa kutiwa saini tarehe 22 Aprili 1968 na kuanza kutumika tarehe 3 Desemba mwaka huo. Huu wa pili ulitungwa zaidi kwa ajili ya chombo kinachoanguka jangwani au baharini, lakini unagusa pia mahali pasipo chini ya mamlaka ya taifa lolote, na unawataka walio katika nafasi ya kusaidia wasaidie.

Udhaifu uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Kuwa katika nafasi ya kusaidia ni suala la vyuma. Mlango wa Mmarekani na mlango wa Mchina visiposhikana, nia njema haitamvusha mtu. Mwaka 1975 Apollo na Soyuz ziliunganishwa angani kwa kifaa kilichobuniwa na pande zote mbili, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa hii hii ya kuokoana. Tangu 2010 kuna vipimo vya kimataifa vya milango ya kuunganishia vilivyochapishwa wazi ili kila mtengenezaji avifuate. Vinahitaji kufuatana na vipimo vya pamoja vya viunganishi vya mirija ya oksijeni, masafa ya redio ya dharura, na plagi za umeme. Fundi yeyote wa Mwanjelwa aliyewahi kutafuta mpira wa breki wa gari la mtengenezaji mwingine ataelewa bila kufafanuliwa.

Naweza kuiona ncha hiyo ya kusini kutoka huku kwetu?

Unaweza kuuona ukingo wake. Kwa kuwa huku mwezi hupita karibu na utosi, umbo lake hugeuka usiku unavyokwenda: unapochomoza mashariki, kusini yake iko upande wako wa kulia, na unapokwenda kutua magharibi, iko kushoto. Siku za mwezi mpevu tafuta doa jeupe lenye mistari mirefu inayosambaa kama nyufa za kioo kilichopigwa jiwe; hilo ni bonde la Tycho. Kutoka hapo, endelea kuelekea ukingoni, kwenye milima iliyobanana mpaka huwezi tena kuitenganisha. Ukiwa na darubini, njoo siku ya nusu mwezi badala ya mwezi mpevu, kwani vivuli ndivyo vinavyoionyesha milima hiyo, na utaona kwa jicho lako jinsi sehemu ya kutembea ilivyo finyu kati ya kivuli kimoja na kingine.